Mwito wa Mwitu, na mbwa aliyekataa kupumzika

Nilipitiliza kituo.

Na sio kimoja, vituo vitatu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro asubuhi, natoka zangu shifti ya usiku, basi tupu, mimi na dereva na dada mmoja aliyelala kofia imemshuka mpaka puani, nje giza bado na simu inasema nyuzi 31 chini ya sifuri, na mimi nimeshika kitabu cha laibrari nasoma habari za mbwa anayeitwa Dave. Nilipoinua macho nikaona duka la matairi ambalo halipo kabisa kwenye njia yangu. Nikabonyeza kengele, nikashuka, nikaanza kurudi kwa miguu.

Wanaokaa huku Edmonton, Kanada, wanajua kutembea vituo vitatu kwenye baridi hiyo ni nini. Ukivuta hewa unasikia vinyweleo vya puani vinashikana. Kope zinaganda, hasa zikiwa na maji. Na zangu asubuhi ile zilikuwa na maji tayari kabla sijashuka.

Kwa ajili ya mbwa.

Hiyo ilikuwa Januari. Tangu hapo nimeanza kuandika hii makala mara nne na nikaifuta mara nne, maana kila nikianza inageuka kuwa mapitio ya kitabu na mimi sina haja ya kuandika mapitio ya kitabu, vitabu vya miaka 120 vimeshaandikiwa na wenye digrii zao. Kuna kitu kingine kinanisumbua, na chanzo chake ni kurasa chache tu za hicho kitabu.

## Mtoto wa Ngamiani na mbwa wapi na wapi

Nikiri kwanza. Mimi sio mtu wa mbwa. Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ambayo mbwa haingii, na akitia ulimi kwenye chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa tuliowajua sisi ni mbwa koko wa jalalani, kazi yao kukimbia mawe na kazi yetu kuyarusha. Kumwita mtu mbwa hilo lilikuwa tusi la kuvuliana mashati. Kwa hiyo nilipofika Edmonton nikaona mbwa amevaa koti na viatu vinne, na binadamu mzima amesimama kwenye theluji anamsubiri akojoe, nilipiga picha nikaitupa kwenye grupu la familia na watu walicheka wiki nzima.

Kitabu chenyewe ni The Call of the Wild cha Jack London, kilitoka 1903. Chembamba, sura saba, unakimaliza kwa siku mbili tatu za basi. Hadithi mnaijua, hata kama hujasoma basi umeona filamu, ile ya Harrison Ford ya 2020 ambayo mbwa wake katengenezwa na kompyuta: Buck, mbwa wa jaji huko California, anaibwa na mfanyakazi wa bustani mwenye madeni ya kamari, anauzwa kaskazini kuvuta sledi wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, kaskazini mwa Kanada, anapigwa rungu na mtu wa sweta jekundu mpaka anaelewa dunia ilivyo, na mwisho anaungana na mbwa mwitu. Basi.

(Vile viatu vya mbwa nilivyovicheka, kumbe vimo humo. Buck alikuwa na miguu laini ya mbwa wa mjini, akawa anachechemea, na François dereva wake akakata ngozi za juu za viatu vyake mwenyewe akamshonea vinne. Siku moja François akasahau kumvalisha. Buck akalala chali, miguu minne hewani, akagoma kuondoka mpaka avalishwe. Niliposoma hapo nikaenda kuifuta ile picha kwenye grupu, sijui hata kwa nini.)

Nilikaa nikijiuliza ningekiitaje kwa Kiswahili. Wito wa Porini? Limepoa. Halafu naosha vyombo ikanijia yenyewe: Mwito wa Mwitu. Herufi moja tu inabadilika. Na raha zaidi, yule mnyama wa mwisho wa kitabu sisi tunamwita mbwa mwitu, yaani ni mbwa yuleyule ila makazi yake mwituni. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kabisa, ndio maana London alihitaji sura saba kumtoa Buck kwenye neno moja kumfikisha kwenye lingine. Sisi tunaongeza neno dogo tu, kazi imeisha. Najua, mbwa mwitu wetu wa kule Selous ni mnyama mwingine, yule wa mabaka, msije kunisahihisha.

Ila sikulia kwa ajili ya Buck.

## Yule wa nyuma

Sledi ni kama mkokoteni usio na magurudumu, unateleza juu ya theluji. Mbwa wanafungwa kwenye kamba kwa mstari, wa mbele anaongoza, na anayefungwa karibu kabisa na sledi ndiye anayepokea uzito wa mzigo kabla ya wengine. Dave ni huyo wa nyuma.

Tangu anaingia kwenye hadithi hana urafiki na mtu. Kwenye meli ya kwenda kaskazini wanafika sehemu yenye mawimbi, mbwa wengine wanapagawa kwa hofu, yeye anainua kichwa, anawatazama, anapiga mwayo, analala tena. Hataki kuchezewa. Hagombei uongozi. Ila ukimfunga kamba tu anakuwa kiumbe mwingine kabisa, mchangamfu, anataka kazi iende na chochote kinachochelewesha safari kinamkera. Buck akikosea Dave anamng'ata kidogo, lakini hamwonei, anamng'ata pale alipostahili basi.

Mnamjua mtu wa hivyo. Kila karakana, kila jiko la shughuli, kila msikiti unaojengwa kwa michango una mtu wa hivyo.

Sasa wako njiani kutoka Dawson, mji wa watafuta dhahabu, kurudi pwani na mzigo wa barua, mbwa wamechoka hata kabla ya safari kuanza kwa sababu walitakiwa kupumzishwa wiki nzima angalau na wamepewa siku mbili. Dave anaumwa. Kitu kimeharibika ndani. Madereva wanamleta karibu na moto, wanamminyaminya huku na huku, hawaoni mfupa uliovunjika. Jioni akifunguliwa tu anaanguka palepale, hainuki mpaka asubuhi akifungwa tena. Njiani sledi ikishtuka analia.

Mwisho anakuwa anaanguka kila mara, na dereva, chotara mmoja wa Kiskoti, anaamua kumtoa kwenye kamba ili atembee huru nyuma ya sledi. Nafasi yake anapewa mbwa wa mbele yake, Sol-leks, mzee mwenye jicho moja.

Nisisitize hapa. Dereva anamhurumia. Anampa mapumziko.

Na Dave anakataa. Anakimbia pembeni kwenye theluji laini inayomeza miguu, anamvamia Sol-leks kwa meno, anamsukuma, anajaribu kuruka aingie kwenye nafasi yake, analia huku. Dereva anajaribu kumfukuza kwa mjeledi, hajali, na dereva anakosa moyo wa kumpiga zaidi. Anaanguka. Sledi zote zinampita anabaki analia. Kisha kwa nguvu zake za mwisho anajikokota mpaka kwenye sledi yake, msafara umesimama kidogo dereva anawasha kiko, na walipoamrishwa kuondoka mbwa wakaondoka kirahisi ajabu, wakageuka nyuma kushangaa.

Sledi haijasogea.

Dave alikuwa amezitafuna kamba za Sol-leks, zote mbili, zimekatika, na yeye amesimama mbele ya sledi kwenye nafasi yake.

Hapo ndipo nilipopitiliza kituo.

Wakamfunga tena. Akavuta siku nzima kama zamani, akianguka, akilia bila kutaka. Kesho yake hakuweza hata kusimama, alitambaa kuelekea kwa wenzake wanaofungwa, akaishiwa. Wakamwacha. Msafara ulipopita nyuma ya miti ya mtoni ukasimama, dereva akarudi alikotoka, ukasikika mlio wa bastola, akaja haraka, mijeledi ikalia, kengele zikalia, safari ikaendelea. Mbwa wote walijua.

## Sanduku la spana

Sijawahi kuandika hapa habari za mzee wangu, na nimemwomba ruhusa, amesema andika ila usiweke picha.

Baba ni fundi. Alifanya kazi ya mitambo miaka thelathini na kitu, na alipostaafu akahamia chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, na sanduku lake la spana la chuma, lile la rangi ya kijani lililobanduka pembe. Pampu za maji, jenereta, cherehani, baiskeli, chochote kinacholetwa. Pesa alikuwa anaomba kama anaona aibu. Nusu ya wateja walilipa kwa kesho.

Miaka mitatu iliyopita akaanguka pale kwenye mwarobaini. Nyonga. Akatibiwa, akarudi nyumbani, na kabla hata hajaacha mkongojo akawa ameshaketi tena kwenye kigoda chake ananyoosha mikono kwenye injini ya watu. Mdogo wangu akanipigia.

Nikasema, mwambie apumzike. Mimi nipo huku napiga boksi usiku kucha kwa ajili hiyohiyo, baba asifanye kazi tena. Natuma kila mwezi. Hakuna kinachopungua nyumba ile. Nikamwambia mdogo wangu, uza lile sanduku.

Akauza.

Na watu walinisifia jamani. Majirani, mashangazi, imamu. "Una mtoto," walimwambia baba, "umezaa." Baba akasema alhamdulillahi. Mimi huku nikajiona mtu.

Baada ya wiki mbili mdogo wangu ananipigia anacheka, eti mzee kila asubuhi anavaa ile ovaroli yake ya zamani, anachukua mkongojo, anatembea mpaka mtaa wa pili kwa yule kijana aliyenunua sanduku, anakaa kwenye benchi. Mwanzoni alikuwa anaangalia tu. Kisha akaanza kuelekeza. Kisha kijana akitoka kwenda kununua vipuri akirudi anakuta injini imeshafunguliwa, mzee yuko chini, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, na spana ni zilezile zake.

Mdogo wangu alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilimpigia baba nikamwambia maneno, sitayaandika yote, ila moja lilikuwa hili: baba, unaniaibisha.

Alikaa kimya. Kisha akasema sawa mwanangu. Hakwenda tena.

Miezi sita baadaye nilipokwenda likizo nilimkuta mtu mwingine. Sio mgonjwa, daktari hakuona kitu, presha nzuri sukari nzuri. Amekaa barazani. Redio imewashwa haisikilizi. Nikahesabu uzee, nikasema ndio umri huo, nikaondoka.

Sikuwa nimefikiria ile simu tena mpaka nilipokuwa kwenye basi nasoma mbwa katafuna kamba.

## Nikajaribu kujitetea

Wiki za kwanza nilijitetea. Nikasema hebu acha ujinga, hicho ni kitabu, tena cha mtu aliyekuwa anatafuta pesa. London alikiuza gazeti la Saturday Evening Post kwa dola 750 na haki za kitabu akaziuza moja kwa moja kwa dola 2,000, kitabu kikaenda kuuzwa dunia nzima na yeye haki zile hazikuwa zake tena. Labda Dave ni porojo za kuwaliza wasomaji. Hata rais Roosevelt wa Marekani mwaka 1907 alimshambulia London kwamba anawapa wanyama tabia za uongo.

Halafu kuna mambo kwenye kitabu yanayonikera kikweli na nikasema nikamatie hapo. Kuna mbwa wa John Thornton, bwana wa mwisho wa Buck, mbwa mkubwa, mpole, mweusi, na jina alilopewa ni kifupi cha lile tusi la watu weusi. Limeandikwa tu kama jina la kawaida. Mimi nasoma nikiwa mtu mweusi pekee kwenye basi. Na mwandishi huyuhuyu ndiye aliyekwenda Sydney mwaka 1908 kuandika pambano la bondia Jack Johnson, akaona mweusi ametwaa ubingwa wa dunia, akamwomba Mzungu aliyestaafu arudi ulingoni kumwondoa.

Na wenyeji wa kule. Mwisho wa kitabu wanakuja watu anaowaita Yeehats wanamuua Thornton na Buck anawararua. Kabila hilo halipo, amelibuni. Waliokuwepo ni Tr'ondëk Hwëch'in, ambao kambi yao ya uvuvi ilikuwa palepale mto Klondike unapoingia mto Yukon, wakavamiwa na maelfu ya watafuta dhahabu mpaka kiongozi wao Isaac akawahamishia Moosehide, chini kidogo ya mto. Na mmoja wa watu walioiona ile dhahabu ya kwanza Agosti 1896 alikuwa mwenyeji wa kabila la Tagish, Keish, wazungu walimwita Skookum Jim. Mwaka 2023 UNESCO wameiweka sehemu hiyo kwenye urithi wa dunia na jina la Tr'ondëk limetangulia la Klondike. Kwenye kitabu hawamo hata kidogo.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu za kukifunga na kukirudisha laibrari.

Nikakirudisha. Siku ya tatu nikaenda kukichukua tena.

## Koleo

Kilichonirudisha ni kitu nilichokisoma kuhusu London mwenyewe, kutoka kwenye maandishi yake ya baadaye. Alikuwa mtoto wa familia isiyo na kitu huko Oakland. Kabla ya utu uzima ameshafanya kazi kiwanda cha kusindika vyakula kwa senti 10 kwa saa, na siku fupi kabisa ilikuwa saa kumi. Kisha akiwa kijana akataka kujifunza umeme, akaenda kwenye kituo cha kuzalisha umeme wa treni za mjini, meneja akamwambia vizuri sana kijana, ila utaanza chini. Chini ilikuwa makaa ya mawe. Kuyasukuma na kuyapakua kwa koleo, mchana na usiku, dola 30 kwa mwezi.

Alichakaa mpaka vifundo vya mikono ikabidi avifunge. Alikuwa anasinzia kwenye treni akirudi. Na hakuacha, kwa sababu alikuwa na fahari, yeye ni mwanaume anaweza.

Mpaka mfanyakazi mwenzake mmoja alipomhurumia akamwambia siri. Kazi unayoifanya walikuwa wanafanya watu wawili. Kila mmoja alilipwa dola 40.

Hapo nilisimama. Maana kumbe yule aliyemwandika Dave alikuwa Dave. Kijana aliyefungwa kwenye kamba na akaipenda, na upendo wake ule ndio uliompa mwenye mali faida ya dola 50 kila mwezi. Aliacha ile kazi, akaapa hatauza misuli tena. Julai 1897 akaenda Klondike na miaka yake 21, na huko nako nini? Watu walibeba karibu tani moja ya vyakula na vifaa, na baadaye polisi wa Kanada hawakuruhusu upite bila hiyo, kwa hiyo aliyepita mlima wa Chilkoot alipanda na kushuka na kupanda, mara kadhaa na kadhaa, mgongoni mzigo. Watu kama 100,000 walianza safari ile na wengi hawakufika. Kubeba boksi, ndugu zangu, hatukuanza sisi. Jiji hili hili ninalokaa wafanyabiashara wake enzi hizo waliwadanganya watu kwamba njia ya kupitia Edmonton ni rahisi, watu wakapotelea msituni, waliofika walifika mbio zimeshaisha. Na kwa miaka mingi kiangazi jiji hili limekuwa na tamasha la K-Days, K ni ya Klondike, watu wanakula nyama za vijiti.

London akarudi na kiseyeye, meno yanacheza, na dhahabu isiyofika dola 5.

Halafu akapata alichotaka, kuishi kwa kuandika. Na alifanyaje? Akajiwekea maneno 1,000 kila siku. Kila siku, akiumwa, akisafiri, kwenye jahazi lake katikati ya bahari. Vitabu kama 50 kwa chini ya miaka 20. Akafa Novemba 1916, miaka 40 tu, figo zimechoka.

Aliikata kamba moja akajisukia nyingine.

Kwa hiyo sasa sijui. Ukisoma sura ile ya Dave kama mtu wa haki za wafanyakazi ni laana, mnyama amefundishwa kuipenda minyororo mpaka anaitetea kwa meno. Ukiisoma kama mtoto wa fundi ni kitu kingine. London mwenyewe nadhani hakuwahi kuamua, na ndio maana sura hainiachi. Angeamua ningemaliza naye.

Hata Buck, ambaye tunaambiwa ndiye huru. Thornton anampenda kweli, anamwokoa kwa Hal, yule mpuuzi aliyezidisha mzigo na mbwa wasio na chakula mpaka barafu ya mto ikawameza. Lakini ni Thornton huyohuyo anayekaa baa akaropoka kwamba mbwa wangu anaweza kuvuta pauni 1,000, yaani kilo zaidi ya 450, na Buck akavuta, yadi 100, kwa sababu Thornton alimnong'oneza sikioni kwamba unavyonipenda. Dola 1,600 kwa dakika tano. Mapenzi nayo yanavuta sledi. Mimi mwenyewe saa nane za usiku nikiwa nashusha kontena mgongo unawaka, kinachonivuta ni nini kama sio hicho?

Na mwito ule Buck alikuwa anausikia siku nyingi. Aliweza kuufuata moja kwa moja pale tu kila aliyemhitaji alipokuwa amekufa.

## Mzee wa Bukavu

Kazini napanga boksi kwenye paleti na mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, tunaelewana kwa Kiswahili chetu na chake, katikati tunakutana. Aliniona na kile kitabu wakati wa brek, nikamsimulia Dave.

"Weye, unalia juu ya imbwa?"

Nikamwambia sio imbwa tu. Nikamsimulia na sanduku.

Akakaa kimya anamalizia chai yake. Kisha akasema, "Haikufaa wamutoshe." Kwao kutosha ni kutoa. Mimi sikio langu la Tanga lilisikia kwanza kutosha kwetu, kwamba haikufaa wamwambie imetosha, na nikaona vyote viwili ni sawasawa.

Nilidhani amemaliza. Tulipokuwa tunarudi kwenye mstari akanigeukia, "Na ule mwenye kuendesha? Na ye alikuwa na barua za kufikisha."

Hilo ndilo nililokuwa nalikwepa. Kwenye ile hadithi nilikuwa nimejiweka kwenye kiti cha mtu mbaya, na huyu mzee ananiambia hakuna mtu mbaya, kuna mtu anayeganda kwenye baridi, ana mzigo wa watu, ana mbwa anayekufa, na anachoweza kukiona ni mfupa kama umevunjika au haujavunjika. Alifanya alichodhani ni huruma. Na alipoona amekosea alimfunga tena, ndani ya saa ileile. Hakusema mbwa wewe unaniaibisha.

Mimi ilinichukua miaka mitatu na vituo vitatu.

## Jumamosi usiku

Nimempigia baba Jumamosi saa tano usiku, kule Jumapili saa tatu asubuhi, ameshakunywa chai.

Shikamoo baba. Marahaba, hamjambo huko, baridi? Baridi baba. Poleni.

Sikujua pa kuanzia, nikaanza na mbwa. Nikamwambia baba nimesoma kitabu, kuna mbwa. Akasema mbwa? Nikamwambia sikiliza. Nikamsimulia yote, meli, mwayo, kamba, yule wa jicho moja, meno, theluji, mpaka sledi iliyogoma kusogea. Bastola nikairuka. Sauti yangu haikuwa sawa na nadhani alisikia.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Na yule wa jicho moja," akasema, "aliyewekwa nafasi yake. Alikuwa anavuta vizuri?"

Nikamwambia vizuri sana baba. Mzoefu.

"Basi ndio maana. Angekuwa havuti vizuri yule angevumilia, angejua watamrudia tu." Akakohoa. "Yule kijana wa mtaa wa pili kafungua kazi nyingine, bodaboda. Spana zipo tu zinapata kutu. Nyingine kaziacha nje, wewe, kwenye mvua."

Nikamuuliza anataka shilingi ngapi.

"Ile seti ya namba ndogo ndogo imepotea, kumi na kumi na mbili hazipo. Sanduku lenyewe bawaba imekufa. Asizidishe bei."

Nikamwambia nitatuma leo.

"Usitume kwa mdogo wako," akasema. "Tuma kwangu, niende mwenyewe."